Mazungumzo ya Nyumbani: Chupa ya Kariakoo

Mwezi huu nataka kunena jambo ambalo wanawake hulinong'ona, na sisi wanaume hujifanya hatulisikii, nalo ni uvimbe wa ziwa.

Mtu atokaye hapa kwetu Buguruni kwenda Ocean Road, katika nyumba waliyoijenga Wadachi mwaka 1897, ambayo tangu 1996 ni Taasisi ya Saratani, hufuata Barabara ya Uhuru, akapita Ilala na Kariakoo, ndipo aelekee pwani. Basi tazameni: hospitali iko mwisho wa njia, na wauza dawa wako katikati. Wamepanga magome, mizizi, unga wa mlonge, habasoda, na chupa zisizo na jina. Maneno yao ni matamu, wala kwao hakuna kungoja zamu. Mama aliyetoka kwake asubuhi na hofu moyoni hushuka hapo, akarudi na chupa.

Jirani yetu mmoja alifanya hivyo. Aliona kijivimbe kigumu kisichomwuma, akasema, "Kisichouma si ugonjwa." Kumbe saratani ya ziwa mara nyingi haiumi mwanzoni. Alikunywa dawa miezi minane, hata ngozi ikafanya kidonda. Nilipomwuliza kwa nini hakutuambia, alijibu, "Mwalimu, ningesema, ungenikemea kwamba nimekwenda kwa mganga." Neno lile lilinichoma, kwani ni kweli, ningemkemea.

Wala tusiseme kwamba haya ni ya wasiosoma. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021. Walikwenda wenye saratani, wenye sukari, wenye Ukimwi, na wengine waliacha dawa zao za hospitali. Sisi Wakristo tulikuwamo, na walimu pia.

Sisemi kwamba miti haina dawa. Muhimbili wana taasisi ya kuchunguza tiba asili tangu 1974, na sheria ya mwaka 2002 yawatambua waganga walioandikishwa. Hata lile ua dogo lenye asili ya Bukini, tulipandalo uani, limewapa matabibu vinkristini, na jamaa yake vinorelbini hutumika kwa saratani ya ziwa. Lakini dawa hizo zilitengwa, zikapimwa, kila tone lina kiasi chake. Ukilichemsha ua lile nyumbani wachemsha sumu. Katika chupa ya sokoni nani ajuaye kiasi? Dawa nyingine za miti huligeuza ini lisiweze kuivunja dawa ya hospitali kama ipasavyo, nyingine huzidisha kutoka damu siku ya kupasuliwa. Ndiyo sababu daktari hana budi kuambiwa.

Na ubaya mkubwa ni miezi ile. Matabibu wa Marekani walitoa habari mwaka 2018 ya wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake: kwa wenye saratani ya ziwa, hatari ya kufa ilizidi mara tano kuliko ya wenzao waliotibiwa hospitalini. Uvimbe mdogo hukatwa. Ulioenea hadi mifupani hauponi tena, hutulizwa tu.

Siku hizi, nikienda kumtazama mgonjwa, sianzi na mahubiri. Nauliza, "Mama, wanywa nini kingine?" kisha nanyamaza. Waume na wana wangefanya vivyo hivyo, na tena wangetafuta nauli, kwani mara nyingine mama hushuka Kariakoo kwa kuwa hakuna wa kwenda naye mbele.

Juma lililopita nilimsindikiza yule jirani. Chupa ilikuwa mkobani mwake, kwa maana daktari alisema aje nayo aione. Pale Kariakoo konda aliwaita washukao. Mama alitazama nje kitambo, akaukumbatia mkoba, na daladala ikaondoka nasi.