Kabla Hujamlaumu Mjerumani

Kila msanii mkongwe wa Pwani akifa, maneno ni yale yale. Gwiji. Nguli. Hazina yetu. Picha za zamani zinazunguka kwa simu siku mbili, ya tatu tumesahau. Halafu mtu akisema muziki wenyewe umehifadhiwa Ulaya, hapo ndipo hasira zinapanda: eti wazungu wametuibia!

Haya, tumchukue Zein l'Abdin. Mzaliwa wa Lamu, mpigaji udi na mwimbaji, aliyejenga jina lake hapa Mombasa kwa miongo kadhaa. Aliimba mashairi yenye Kiamu cha ndani, na akafanya kazi na mshairi Ahmed Sheikh Nabhany. Mwaka 1990, lebo ya GlobeStyle ya Uingereza ikatoa albamu yake, Mtindo wa Mombasa. Baadaye Dizim, lebo ya Ujerumani, ikatoa The Swahili Song Book. Zote zina jina lake kwenye jalada.

Na sisi wenye mji tulitoa nini? Kanda za kunakili. Harusi ilirekodiwa, kanda ikazaa kanda, zikasafiri mpaka Zanzibar na Ghuba, na mwenye kidole kwenye uzi hakuona senti ya nakala hizo. Siku hizi tumebadilisha mashine tu. Klipu ya mlango wa nakshi Mji wa Kale, udi unalia nyuma, jina la mpigaji halipo. "Vibe la Pwani," tunaandika. Huyo "vibe" ana jina na ana familia.

Najua jibu lenu: tarabu ni ya watu wote, si biashara. Sawa. Mbona mpishi wa biriani analipwa? Mwenye hema, mwenye viti, mpiga picha, wote wanalipwa. Ni msanii peke yake anayetakiwa aishi kwa sifa.

Ndiyo maana silipendi hili neno hazina. Hazina haidai mtu. Mtunzi anadai. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kifo. Kwa hivyo ukichukua wimbo wa marehemu ukautia kwenye biti yako, kuna warithi wa kuombwa ruhusa. Hata kama walikaa nyumba ya tatu kutoka kwenu.

Na pesa si hasara pekee. Shingo ya udi haina vituo kama gitaa. Kidole kinatafuta sauti kwa sikio. Mkono wa namna hiyo unajengwa kwa kukaa na mwalimu miaka na miaka. Kijana gani atakaa miaka hiyo akijua mwisho wake ni kuitwa nguli na kurudi nyumbani kwa miguu? Wajerumani waweza kutuhifadhia sauti. Mkono hawawezi.

Simtetei mzungu. Kama kuna mkataba wa dhuluma, ufunguliwe. Lakini ya kwetu tuanze nayo sisi. Wapiga udi bado wako hapa mjini, wazima. Mkimwita mmoja kwenye harusi ya dada yenu, mlipeni kabla ya mwenye spika. Na ukimrekodi, andika jina lake.