Miji Haipimwi kwa Rangi za Wakazi Wake

Zipo orodha zinazosambaa mitandaoni zikitaja miji yenye mchanganyiko mkubwa wa watu kuliko yote duniani. Majina huwa ni yale yale: New York, London, Toronto. Wanafunzi wangu huzitumia katika insha zao kana kwamba ni msahafu, na nimewasikia watumishi wa umma wakizitaja kuwa ushahidi kwamba Ulaya na Amerika zimetutangulia hata katika kuishi pamoja na watu wasiofanana. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kinshasa ni nadra kutajwa. Kwa waandaaji wa orodha hizo, sisi ni miji ya watu weusi, basi.

Nazipinga orodha hizo, wala si kwa sababu zimetunyima nafasi. Nazipinga kwa kuwa zinapima jambo lisilostahili sifa wala lawama, kisha zinaacha kupima lile ambalo lingemfaa mwananchi. Na nalipinga vilevile jibu ambalo Mtanzania hulitoa kwa haraka na kwa kujivuna: kwamba sisi hatuhitaji kupimwa, kwa kuwa hatuna ukabila wala ubaguzi.

Tuanze na kipimo chenyewe. Wataalamu wa takwimu hutumia kanuni nyepesi. Chukua watu wawili wowote wa mji bila kuwachagua. Kuna uwezekano gani kwamba watatoka katika makundi mawili tofauti? Uwezekano ukiwa mkubwa, mji huo husemwa una mchanganyiko mkubwa. Kihesabu, kanuni hii haina kosa. Kasoro iko katika neno “kundi”, maana ni lazima mtu aamue kwanza nani ni kundi na nani si kundi, na uamuzi huo ni wa kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho.

Katika sensa ya Marekani, Msomali aliyehamia juzi, Mhaiti, na kitukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba ya Mississippi huingia wote katika kisanduku kimoja cha watu weusi. Mwarabu, kwa upande wake, amehesabiwa kwa miongo kadhaa kuwa mzungu. Ni mwaka 2024 tu serikali ya nchi hiyo ilipoamua kwamba watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wawe na kundi lao. Kwa mwongozo huo wa zamani, mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja na asiyejua lugha ya mama zaidi ya Kiswahili angeandikwa New York kuwa mweupe, na jirani yake wa utotoni kutoka Makunduchi angeandikwa kuwa mweusi. Hicho ndicho kipimo tunacholetewa kama sayansi.

Sasa upime mji wa Nairobi kwa kipimo hicho. Ukiuliza rangi, uwezekano wa watu wawili kutofautiana unakaribia sifuri. Ukiuliza kabila, unapanda hadi juu kabisa. Katika sensa ya mwaka 2019, Wakikuyu, ambao ndio kabila kubwa kuliko yote nchini Kenya, walikuwa takriban milioni 8.1 kati ya watu milioni 47.6. Hakuna kabila lililofika hata moja ya tano ya wananchi, na wote hao wana watu wao Nairobi. Mji ni ule ule, wakazi ni wale wale. Kilichobadilika ni swali lililoandikwa katika dodoso la karani.

Hata hilo kabila si jiwe lililoshuka kutoka mbinguni. Jina la Wakalenjin lilienea katika miaka ya 1940, likawakusanya Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wengine waliokuwa wakijitaja kwa majina yao. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Watu ambao ukoloni uliwaita rangi wakawa kabila kwa tangazo la serikali. Na katika sensa ya mwaka 2009, Wakenya zaidi ya laki sita walipoulizwa kabila lao walijibu kwamba wao ni Wakenya. Sijui orodha ipi ya miji itawaweka wapi watu hao.

Tuchukulie hata hivyo kwamba makundi yamekubalika. Je, hesabu kubwa ya mchanganyiko inatuambia nini kuhusu maisha ya watu? Chicago inajibu vizuri. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta weupe wapatao asilimia 31, Walatino 30, weusi 29 na Waasia 7. Kwa kanuni niliyoitaja, watu wawili wowote wa Chicago wana uwezekano unaozidi asilimia 70 wa kutoka makundi tofauti. Kwa karatasi, huo ni mji wa kupigiwa mfano. Lakini watu hawakutani kwa kuchomolewa mfukoni kama karata. Hukutana mtaani, shuleni, kazini na kwenye daladala, na huko Chicago weusi kwa sehemu kubwa wanaishi kusini na magharibi ya mji, huku weupe wakikaa kaskazini.

Utengano huo una historia inayojulikana. Zilikuwapo hati za nyumba zilizomfunga mwenye nyumba asimuuzie mtu mweusi, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa mwaka 1948 kuzitekeleza. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani ambazo mitaa ya weusi ilipakwa rangi nyekundu, alama kwamba kukopesha huko ni hatari. Martin Luther King alipoongoza maandamano ya kudai makazi huru katika mji huo mwaka 1966, alipigwa jiwe kichwani. Sheria ya kukataza ubaguzi katika makazi ilikuja mwaka 1968. Zaidi ya nusu karne baadaye, mipaka ile ingali inasomeka kwenye ramani ya mji.

Msomaji anaweza kudhani kwamba dawa ni kuacha kuhesabu. Ufaransa imejaribu. Sheria ya mwaka 1978 inakataza, isipokuwa kwa masharti makali, kukusanya taarifa za asili ya watu kwa rangi au kabila, na mwaka 2007 Baraza la Katiba lilisisitiza kwamba takwimu za rangi zinapingana na katiba. Kwa takwimu za serikali, Paris haina weusi wala weupe. Ina raia na wageni. Lakini Oktoba 2005 vijana wawili walipokufa katika kituo cha umeme huko Clichy-sous-Bois, kitongoji cha Paris, wakiwakimbia polisi, ghasia zilienea nchi nzima kwa takriban wiki tatu, na kila mtu alijua ni vitongoji vipi vinawaka na ni watoto wa nani. Dola ndiyo iliyojinyima macho ya kuona lile ambalo mitaa yote ilikuwa ikiliona.

Hapa ndipo ninapotaka Watanzania wenzangu wasiondoke haraka, kwa kuwa sisi ni ndugu wa Paris katika jambo hili. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Sibezi sababu zake. Taifa la makabila zaidi ya 120 lilichagua lugha moja na siasa moja ya utaifa, na matunda yake tumeyala: mtoto wa Kihaya na mtoto wa Kimakonde hukutana Temeke wakazungumza Kiswahili bila kuulizana kwao ni wapi. Kenya ilihesabu, na Tume ya Jaji Philip Waki iliorodhesha vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Katika Kibera na Mathare wapangaji walifukuzwa kwa majina yao ya ukoo. Ni rahisi Mtanzania kuyatazama hayo na kujipongeza.

Lakini nyani haoni kundule. Dar es Salaam ilijengwa kwa kutenganisha watu: Uzunguni pwani, Uhindini katikati, Kariakoo kwa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja kati yao. Waingereza, waliokuwa wakitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, hawakuhitaji kuandika rangi katika kanuni zao za ujenzi. Waligawa mji katika kanda tatu kwa aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa: nyumba ya Kizungu hapa, duka na makazi pale, kibanda kule. Kipato na kiwango cha ujenzi vilifanya kazi ya rangi bila rangi kutajwa.

Wenzangu mliomo katika ofisi za ardhi na mipango miji mnaitambua lugha hiyo. Viwanja vyetu hadi leo hugawanywa kwa ujazo: ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Oysterbay, mtaa uliopangwa kwa ajili ya Wazungu, ungali una viwanja vipana na miti ya kivuli; Manzese na Tandale hazina nafasi hiyo. Aliyebadilika ni mkazi wa upande mmoja. Ukuta wenyewe tulikabidhiwa, tukaupaka chokaa.

Wala hatuwezi kusema kwamba rangi imetoweka katika mambo yetu. Sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo haikutaja asili ya mtu, lakini sehemu kubwa ya walionyang'anywa nyumba mijini walikuwa wenye asili ya Asia, na wengi wao wakaihama nchi. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 tulibishana hadharani kuhusu “uzawa”, tukiulizana ni raia yupi ana haki zaidi ya uchumi kuliko raia mwingine. Nchi isiyo na tatizo haiwi na mjadala kama huo.

Kwa hiyo nini kifanyike? Sitaki sensa yetu irudishe swali la kabila. Jirani zetu wametuonyesha jinsi hesabu hiyo inavyogeuka kila uchaguzi kuwa mtaji wa wanasiasa wanaojumlisha kura za makabila kama mfanyabiashara anavyojumlisha magunia. Lakini wametuonyesha pia matumizi pekee yanayoihalalisha: sheria yao ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja. Sheria hiyo huvunjwa mara nyingi, nalo ni jambo la aibu, ila mwananchi wa Kenya anaweza kusimama na kusema imevunjwa. Sisi hatuna hata pa kusimama.

Asiyetaka kuhesabu watu kwa asili zao ana wajibu wa kuhesabu kuta. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu pia majengo nchini kote. Takwimu hizo ziwekwe sambamba na bajeti, kata kwa kata, ili ionekane Halmashauri imetumia shilingi ngapi kwa kila mkazi wa Masaki na ngapi kwa kila mkazi wa Mbagala, kwa barabara, maji, shule na zahanati. Ajira za umma zitangazwe pamoja na wilaya walikosoma walioajiriwa. Mwenye nyumba anayemkataa mpangaji kwa dini, kwa jina au kwa rangi awe na sheria inayomgusa. Hakuna lolote katika hayo linalomlazimu karani kumuuliza mtu kabila lake.

Wanafunzi wangu, mkitaka kuilinganisha Dar es Salaam na Chicago, Nairobi na Paris, andikeni kuhusu mambo hayo: nani anakaa karibu na maji, nani anasimamishwa na polisi, nani anakataliwa chumba, nani anapata kazi. Mkinihesabia nyuso na rangi zake, nitawarudishia insha mkaandike upya.