Chombo Hujengewa Mashine



Huenda wako watakaocheka kuniona mtu wa Sosiot, kijiji cha Kericho kilichozungukwa na majani ya chai, ninaandika habari za vyombo vya baharini. Hapa maji ni ya mvua ya alasiri tu, na mbao ni za milango na vitanda. Lakini mtu hubeba bahari yake anakokwenda, na juma lililopita bahari yangu imenifuata kwa ujumbe wa sauti uliotoka kisiwani Pate.

Dada yangu, mjane wa mwaka wa tatu, anataka shauri. Mwanawe ameirithi mashua ya marehemu baba yake, chombo cha tanga kilicholisha nyumba ile miaka mingi. Kijana anataka kuitia mashine ya dizeli ili abebe abiria na mizigo, asingoje tena upepo. Fundi mmoja amemwambia kazi ni ya siku moja: watatoboa fashini ya tezi, watapitisha chuma, watafunga mashine, basi. Kilichobaki ni fedha, na fedha ni bangili tatu za dhahabu alizopewa dada siku ya ndoa yake. Ameniuliza: "Kaka, niuze?"

Ameniruhusu niwajibu na nyinyi pamoja naye, maana najua si yeye peke yake. Wako akina mama wengi wa visiwani ambao dhahabu zao zimegeuka mashine, na wako ambao watoto wao hupanda vyombo hivyo kwenda skuli, hospitali na harusini.

Kwanza tukumbuke chombo chetu kiliundwaje. Mtepe wa wazee haukuwa na msumari. Mbao zilishonwa kwa kamba za kumbi, na chombo kizima kilikuwa kikipinda na wimbi bila kuvunjika. Baadaye misumari ikashika nafasi ya kamba, lakini akili ya muundo ilibaki ya upepo. Tumbo pana la kubeba mzigo, farumi ya mchanga au mawe chini kukituliza, mkuku wa kukizuia kisisukumwe upande, na mlingoti unaopokea nguvu ya tanga na kuigawa mwilini mwote. Upepo husukuma kutoka juu, tena kwa upole. Hata dhoruba ikija, nahodha hushusha foromali, nguvu ikapungua.

Mashine haiko hivyo. Nguvu yake inatoka mahali pamoja, chini, karibu na tezi, na inatikisa. Haitikisi mara moja. Inatikisa maelfu ya mara kila saa, siku zote inapokwenda. Hapa Sosiot iko mashine ya dizeli ya kusagia mahindi ambayo nimeipita asubuhi nyingi. Mwenyewe aliifunga mwanzo juu ya magogo mawili. Kabla ya mwezi kwisha misumari ilikuwa imejitokeza, magogo yamepasuka, na mashine imetembea shubiri nzima kuelekea mlangoni. Sasa imekaa juu ya saruji. Lakini baharini, dada, hakuna saruji. Kuna mbao, pamba ya kalafati, na maji nje yakingoja.

Watu wa Ulaya walipoanza kuunda mashua za mashine walikutana na tatizo hili hili, na haikuwa kazi ya siku moja. Mwaka 1886 Mjerumani Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach waliijaribu mashine yao ya petroli katika mashua ndogo kwenye mto Neckar. Inasimuliwa kuwa watu waliiogopa petroli isije ikalipuka, basi Daimler akaifunika mashine kwa vigae na kuwapa watu kuamini kuwa ni ya umeme. Mimi mwalimu wa fiqhi siwezi kuipita hadithi hii bila kusimama. Kumficha abiria kilicho chini ya miguu yake ni ghishi, hata kama chombo kilifika salama. Fundi anayesema "siku moja tu" naye amefunika kitu kwa vigae.

Mashua hizo za mwanzo nyingi ziliundwa ziwe watoto wa meli za fahari za matajiri. Meli ilitia nanga kwenye kina, na mashua ikashushwa kwa kamba kutoka ubavuni kuwapeleka wenyewe pwani. Kwa kuwa ilining'inizwa, ilitakiwa iwe nyepesi. Na kwa kuwa mashine za siku zile zilikuwa nzito na dhaifu, ilitakiwa iteleze majini bila kuchota wimbi kubwa. Ndipo waundaji wakaifanya ndefu na nyembamba, omo imesimama wima, mbao za mkangazi au mwerezi zilizopunguzwa unene. Wengine waliweka ngozi mbili za mbao zilizopishana, katikati wakatia kitambaa kilicholoweshwa mafuta, ili wapate nguvu bila uzito. Pwani yetu nayo iliwaona watoto wa aina hiyo waliotangulia, wale wa mvuke. Meli ya Sultani wa Unguja, Glasgow, iliyoundwa Scotland kwa msaji juu ya mataruma ya chuma, ilizamishwa bandarini kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na pamoja nayo zikazama mashua mbili za mvuke ambazo mabaharia wake walithubutu kupiga bunduki.

Siri kubwa ya waundaji wale ilikuwa ndani, chini ya sakafu, pasipoonekana. Hawakuifunga mashine juu ya taruma moja au mawili. Walilaza magogo mawili marefu kutoka karibu na tezi kuelekea omo, wakayafunga katika mataruma mengi, ili mtikiso ugawanyike mwili mzima kama mlingoti unavyougawa upepo. Tundu la chuma cha kuzungusha rafadha halikutobolewa tu katika fashini. Fashini yenyewe ilinenepeshwa mahali pale, na likawekwa koo lililojazwa kamba yenye mafuta ili chuma kizunguke na maji yasiingie. Na tezi ikapanuliwa, kwa kuwa rafadha ikivuta kwa nguvu, tezi nyembamba huzama na omo ikainuka. Dau lenye ncha mbele na nyuma, zuri kama nini kwa tanga, likitiwa mashine kubwa hukaa kitako.

Sasa niwasimulie kisa kimoja cha huku kwetu bara, kisa ninachokipenda ingawa ni cha vita. Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa wakilitawala ziwa Tanganyika kwa meli zao za mvuke, na Waingereza hawakuwa na chombo huko. Mwindaji mmoja, John Lee, akatoa shauri: zipelekwe mashua za mashine. Zikapatikana mbili kutoka kampuni ya Thornycroft, zilizokuwa zimeagizwa na Wagiriki kuhudumia ndege za majini. Zilikuwa za mbao, urefu futi 40, upana futi 8, kila moja na mashine mbili za petroli za nguvu farasi 100. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Alipokataliwa akaziita Mimi na Toutou, maneno ya watoto wa Kifaransa yenye maana ile ile. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili asidhani kamanda alikuwa akijisifu.

Mashua zile ziliundwa kwa mwendo, si kwa mzinga. Zilipotiwa mzinga mdogo kwenye omo na kujaribiwa katika mto Thames, inasimuliwa kuwa risasi ilifika shabaha, lakini mzinga na mpigaji wake wakaishia mtoni, kwa sababu haukufungwa sawasawa kwenye sitaha. Chombo kilichoundwa vizuri kabisa, na mashine nzuri kabisa. Ukiongeza kitu ambacho muundi hakukihesabu, lazima ukitafutie mahali upya.

Kisha zikapelekwa kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Fungurume katika Kongo, na kutoka hapo zikavutwa nchi kavu, juu ya milima ya Mitumba, kwa magari makubwa ya mvuke na kwa ng'ombe. Mamia ya Waafrika walikata njia, wakajenga madaraja, wakavuta kamba. Inasimuliwa kuwa mahali fulani maji yalipokosekana, wanawake wa vijijini ndio waliobeba maji vichwani kuyalisha magari yale. Majina yao hakuna aliyeyaandika, ilhali ya paka na mbwa yamo vitabuni.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Kijerumani Kingani ilitokeza. Ilikuwa ya chuma, lakini mzinga wake ulielekea mbele tu. Mimi na Toutou, kwa wepesi wao, zilimfuata kwa nyuma, na baada ya muda mfupi Kingani ikatekwa. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha na Hedwig von Wissmann. Yaani mbao nyembamba zilishinda chuma, si kwa ubavu, bali kwa sababu kila ubao ulikuwa umewekwa kwa ajili ya kazi ya mwendo. Mtu angezijaza zile zile mbao magunia ya mchele na abiria 30, zingemzamisha.

Dada, narudi kwako.

Mashua ya marehemu si mbaya. Tezi yake ni pana, si ya ncha, na hilo ni heri. Lakini kabla ya kutobolewa chochote, mwanao aitoe farumi yote, ainue mbao za sakafu, akaguzwe fashini na mataruma ya nyuma kwa ncha ya kisu. Mti ulioshika tanga miaka 20 unaweza kuwa umeoza pale ambapo mashine itashika. Kalafati ya nyuma ipigwe upya, kwa sababu mtikiso huitema pamba kidogo kidogo bila mtu kuona, mpaka usiku mmoja ngama imejaa. Uzito wa mashine uhesabiwe mahali pa farumi, usiongezwe juu ya farumi.

Na wakimshawishi achukue ya petroli kwa kuwa ni rahisi, akatae ikiwa itakaa ndani chini ya sakafu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukalala katika ngama, hauonekani, na cheche moja au kiberiti cha mvuta sigara humaliza jahazi na waliomo. Dizeli ina uvundo na kelele, lakini kwa jambo hili ni mpole zaidi. Mimi ningependa zaidi aanze na mashine ndogo ya kuning'inizwa nje, juu ya ubao mnene uliofungwa katika mataruma, na tanga libaki juu. Tanga halihitaji mafuta, na siku mashine ikizimika katikati ya mkondo, litawarudisha nyumbani. Msimu mmoja abebe mizigo tu. Abiria baadaye, na kila mmoja na boya lake.

Ama bangili, hizo ni mali yako, si ya mwanao, wala si ya ukoo. Sharia imekupa milki kamili, na hakuna mwenye haki ya kukununia ukisema la. Najua kijana anaona umri unampita na wenzake wana boti za faiba. Ukitaka kumsaidia, msaidie kwa mkopo ulioandikwa mbele ya mashahidi wawili, kama tulivyoamrishwa katika madeni yote, hata baina ya mama na mwana. Hilo halipunguzi mapenzi. Linamfundisha kijana kuhesabu mafuta. Na fundi asilipwe yote kabla chombo hakijashushwa na kupakiwa mzigo kamili mbele yenu. Kama aliijua aibu ya mti akainyamazia, mna haki ya kumrudia.

Nilimtumia mpwa wangu maneno haya siku ya Jumatatu. Akanuna siku mbili, nadhani, maana hakujibu. Jumatano akaniletea picha. Alikuwa amemwita mzee mmoja, fundi wa vyombo kutoka Matondoni, ambaye hakusema mengi. Alipiga fashini ya tezi kwa kipini cha tezo, akasikiliza, kisha akachoma kisu. Kisu kilizama hadi kwenye mpini. Pale pale ambapo yule fundi wa siku moja alikuwa ameweka alama ya chaki.

Mashua sasa imepandishwa pwani, na kusi inakaribia, wakati ambao isingetoka sana hata ikiwa nzima. Fashini mpya itachongwa kwa mti wa bambakofi ukipatikana. Gharama yake ni ndogo kuliko bangili moja, na mpwa ameniambia ataitafuta mwenyewe kwa kuvua na wenzake. Dada ameniambia bangili zimerudi sandukuni kwa sasa, amezifunga katika ile ile leso aliyozitolea.