HAKI NA WAJIBU: Mtunza maktaba wa saa chache naye ni mfanyakazi



Umejifunza kusoma. Kusoma kunataka vitabu, na vitabu vinataka mtu wa kuvitunza. Mtu huyo ni mtunza maktaba. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya kufuta ujinga, maktaba za vijiji zilifunguliwa sehemu nyingi za Tanzania. Watu waliojua kusoma walihitaji vitabu ili wasisahau walichojifunza.

Si kila mtunza maktaba anafanya kazi kutwa. Mwingine hufungua maktaba jioni tu. Mwingine hungoja nyumbani mpaka aitwe. Mwenzake akiugua, au vitabu vipya vikifika, ndipo huitwa. Watu husema, "Huyu ni wa kuitwa tu, hana haki." Maneno hayo si kweli.

Sheria inasemaje?

Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Yapo mambo manne ya kukumbuka:

1. Mwajiri lazima amwandikie mfanyakazi masharti ya kazi: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri lazima ahakikishe ameelezwa mpaka aelewe.

2. Sharti hilo halimhusu mtu anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Basi wewe unayeitwa mara chache, hesabu siku zako vizuri.

3. Mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya taifa, kila saa hulipwa mara mbili.

4. Kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Tazama hesabu hii

Tuseme mtunza maktaba amepatana shilingi 2,000 kwa saa. Kila akiitwa anafanya kazi kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana. Hizo ni saa 4, yaani shilingi 8,000 kwa siku. Mwezi huo ameitwa siku 6. Anastahili shilingi 48,000.

Siku ya malipo, kitabu cha ofisi kinaonyesha siku 4 tu. Anapewa shilingi 32,000. Shilingi 16,000 zimepotea. Tena, kwa siku 4 anaonekana hana hata haki ya kuandikiwa masharti. Atadai kwa ushahidi gani? Hakuandika popote.

Ufanye nini?

Nunua daftari dogo. Kila ukiitwa, andika tarehe, jina la aliyekuita, saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Mwombe msimamizi atie sahihi siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi, maana watu husahau.

Kabla ya kuanza kazi, uliza mambo haya: Je, nikiambiwa nisiondoke nyumbani ili ningoje kuitwa, kungoja huko kunalipwa? Je, nikifika nikaambiwa nirudi, nauli italipwa na nani? Je, hii ni ajira, au najitolea kwa posho? Majibu yaandikwe kwenye karatasi.

Nawe una wajibu wako. Ukikubali kuitwa, fika kwa wakati. Andika kila kitabu kinachotoka na kinachorudi. Mwenye kutunza kumbukumbu za vitabu hashindwi kutunza kumbukumbu za saa zake.

Malipo yakipungua, kwanza zungumza na msimamizi kwa heshima, daftari likiwa mkononi. Msipoelewana, peleka malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya mshahara yapelekwe katika siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Madai ya kuachishwa kazi yapelekwe katika siku 30. Usikae kimya mpaka siku zikapita.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho lako nalo ni mali. Kalamu uliyojifunza kuishika ndiyo mlinzi wake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ni vizuri msimamizi atie sahihi siku ile ile?

2. Mtunza maktaba wa shilingi 2,000 kwa saa alifanya kazi saa 4 siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Anastahili shilingi ngapi?

3. Ni nani katika kijiji chenu hufanya kazi za kuitwa? Je, huandika saa zao?