Fuma kigwe chako, ila usikiuze kwa mita

Kamba ya hudi yako ikichomoka na kupotea, unafanyaje? Wengi wetu tunaiacha hivyo hivyo, au tunapitisha kamba ya raba na kujifanya hiyo ndiyo fasheni. Tumezoea kuiona kamba kama chumvi: ni kitu cha dukani, hakuna anayejiuliza kilitoka wapi.

Mimi nasema jifunze kuitengeneza. Na nasema pia, kabla hujaanza kupiga hesabu za biashara, usiiuze kwa mita.

Kifaa kinaitwa luseti. Ni kibao kidogo cha kutosha kiganjani, chenye pembe mbili, kama manati iliyonyang'anywa mpira. Katika karne ya 18 na ya 19, wanawake wa Uingereza walikitumia kufuma vigwe vya kukazia nguo na kufungia mikoba. Vingine vilikuwa vya mbao au mfupa, na vya wenye nazo vilikuwa vya pembe za ndovu. Huko Skandinavia kumechimbuliwa mifupa yenye pembe mbili ya enzi za Waviking, na wataalamu bado wanabishana kama ilifanya kazi hiyo hiyo. Wabishane tu, sisi tufume.

Shika mwisho wa uzi kwa kidole gumba, kisha zungushia uzi kwenye pembe zote mbili kwa umbo la nambari 8, mara mbili, mpaka kila pembe iwe na vitanzi viwili. Inua kitanzi cha chini, kipitishe juu ya mwenzake na juu ya ncha ya pembe, ukiachie. Fanya hivyo upande wa pili. Sasa kila pembe ina kitanzi kimoja, na kuanzia hapo ni mtindo mmoja tu: laza uzi upande wa nje wa pembe, juu ya kitanzi kilichopo, inua kitanzi hicho kipite juu ya uzi na juu ya ncha, vuta uzi ili fundo likaze katikati, geuza kibao, rudia. Ukitosheka, toa vitanzi vyote viwili, pitisha mwisho wa uzi ndani yake, kaza. Mwanzoni vidole vitagoma. Ukivizoesha, vitaenda vyenyewe huku unapiga stori.

Kinachotoka si msuko wa nyuzi tatu kama ule wa kichwani. Ni kigwe chenye pande nne, kinachovutika kidogo kisha kinarudi. Kila kitanzi kimeshikwa na kingine, kwa hivyo kigwe kina nguvu kuliko ule uzi mmoja ulioanza nao. Tena hukati nyuzi mapema. Kwenye msuko lazima ukadirie urefu, nyuzi zikiisha umefika mwisho. Luseti inavuta uzi moja kwa moja kutoka kwenye donge, hata ukitaka kamba ya kuzunguka mtaa mzima. Ila inakula uzi, bana. Mita moja ya kigwe humeza mita kadhaa za uzi, kwa hivyo usianze na mabaki ukitarajia mshipi.

Wulu ya kusukia nywele inatosha kujifunzia, ingawa vinyweleo vyake huficha zile pande nne. Ukitaka kigwe kizuri, tafuta uzi wa pamba wa krosheti. Kifaa chenyewe, muombe fundi wa mbao kipande cha plaiwudi alichotupa, kikatwe umbo la U, ukisugue kwa msasa mpaka kisishike uzi. Hata uma wa plastiki wa chipsi, ukivunja meno mawili ya katikati, unaanza nao leo usiku.

Sasa hela. Najua akili yako imeshafika huko, kwa sababu kila mtu mzima mwenye maikrofoni anatuambia tugeuze vipaji kuwa ajira. Ukijua kupika, fungua kibanda. Ukijua kushona, nunua cherehani kwa mkopo. Kwenye kamba, ushauri huo utakuumiza. Mashindano hayo yalikwisha kitambo. Thomas Walford wa Manchester alipata hataza ya mashine ya kusuka kamba mwaka 1748, na karne iliyofuata viwanda vya Ulaya vilikuwa vinatoa kamba kwa kasi ambayo mkono haungeweza kuifuata. Luseti ikarudishwa kwenye droo. Haikushindwa kwa ubora, ilishindwa kwa bei.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme mita moja inakuchukua saa nzima, na mchuuzi pale tao anauza kamba za raba Sh50 kwa jozi. Jozi moja inataka mita mbili na zaidi. Toa uzi, toa nauli, unabaki na nini? Na bado mteja atakwambia, "Punguza kidogo, mimi ni kastoma wako."

Nimeona mabinti wakilipishwa ada ya mafunzo ya siku mbili ya bangili za uzi, wakaambiwa soko lipo tele, kisha wakarudi nyumbani na mfuko wa bangili zisizo na mnunuzi. Aliyepata hela hapo ni aliyeuza mafunzo.

Kamba hupata thamani ikiwa ndani ya kitu. Waangalie wasusi wa viondo Ukambani. Uzi wa mkonge husokotwa kwa mkono juu ya paja, kazi ya siku nyingi, lakini wateja hawaji sokoni kuupima kwa mita. Kinachonunuliwa ni kiondo. (Kwamba bei ya kiondo dukani ughaibuni si ile aliyolipwa msusi, hilo ni lalamiko la siku nyingine, na ni la haki.)

Kwa hivyo ukitaka kuuza, uza kilichokamilika na kilichopimwa kwa mtu. Hudi ya Gikomba iliyopoteza kamba, wewe ukaivisha kigwe cha rangi mbili. Kamba ya miwani ya shosho, inayomfika kifuani na si kitovuni. Mkanda wa filimbi ya refa wa mtaa kwa rangi za timu yake. Mashine ya kiwandani haimjui shosho wako.

"Na nisipouza, nafuma ya nini?" Swali hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kwani jioni isiyoleta shilingi imepotea? Mbona ukikesha na simu mpaka saa saba usiku hakuna anayekuuliza faida? Uma uliovunjwa meno na donge la uzi vinaingia mfukoni, na foleni ya Thika Road unaijua. Wewe fuma. Jirani yako kwenye matatu akikuuliza hiyo kamba ni pesa ngapi, mwambie alete hudi yake kwanza.