Tiketi ya Pointi: Staa Anapaa, Bili Analipa Nani?

Kuna posti mitandaoni haiishi kujirudia. Staa kajilaza kwenye siti ya ndege inayogeuka kitanda, glasi mkononi, na chini kaandika: "Sijatoa hata mia, ni pointi tu." Saa moja haijapita, mashabiki wameshamwagika: "Malkia!", "Tufundishe na sisi jamani!" Wengi wanaoposti hivi ni Wabongo na Wakenya wa majuu, hasa Marekani, na vijana wa Dar na Nairobi wanabaki kujiuliza hiyo kadi inapatikana wapi.

Wapewe haki yao, sio kwamba wanadanganya. Tiketi ya pointi ipo na inapatikana kihalali kabisa. Ila wanachoposti ni nusu ya stori.

Nusu ya kwanza ni hii. Benki za Marekani zinampa mteja pointi kila anapolipia kitu kwa kadi ya mkopo. Hela inatoka wapi? Mwenye duka anakatwa kama asilimia 2 ya mauzo kadi inapopitishwa kwenye mashine, na sehemu ya makato hayo ndiyo inamrudia mteja kama pointi. Ndio maana Ulaya pointi ni za kubana sana. Tangu 2015 Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba ada inayokwenda kwa benki ya mteja kwenye kadi ya mkopo isizidi asilimia 0.3. Cha kugawa kimepungua.

Sasa wajanja wa mchezo huu wanajua kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: pointi haina bei moja. Mtu akitumia pointi za American Express kulipia mzigo Amazon, kila pointi inahesabiwa senti 0.7 tu. Akizihamishia kwenye shirika la ndege, anaweza kupata mara mbili ya hapo au zaidi. Hesabu yao ni ya darasa la tano. Wanachukua bei ya tiketi kwa hela, wanatoa kodi ambazo bado watalipa mfukoni, halafu wanagawanya kwa idadi ya pointi. Ikibaki dola 450 na tiketi inataka pointi 30,000, kila pointi imeleta senti 1.5. Hapo wanachukua. Ikibaki dola 210 kwa pointi zile zile 30,000, ni senti 0.7, bora walipe hela pointi zikae.

Tena hawazilimbikizi miaka na miaka. Mashirika ya ndege yanabadilisha viwango yanavyotaka. Delta waliondoa jedwali lao la bei za pointi mwaka 2015, na tangu hapo tiketi ile ile inaweza kutaka pointi hizi leo na kesho nyingine kabisa. Pointi ni kama nyanya sokoni, ukizilalia zinaoza.

Na zile siti za kitanda? Kwenye karatasi zinatoa thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu tiketi yake inauzwa hata dola 4,000. Lakini je, huyo staa angewahi kutoa dola 4,000 cash kwa safari moja? Kama asingetoa, basi hajaokoa dola 4,000. Kala bata la dola 4,000, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nusu ya pili ndiyo haipigwi picha.

Tangu 2023 riba ya wastani ya kadi za mkopo Marekani imevuka asilimia 20 kwa mwaka. Chukua mtu aliyetumia dola 2,000 kwa kadi yenye riba ya asilimia 24, na kila dola inampa pointi moja. Kapata pointi 2,000, ambazo akizitumia vizuri zina thamani ya dola 20 mpaka 30. Asipolipa deni, riba ya mwezi mmoja tu ni kama dola 40. Pointi zimeshaliwa kabla hajafikiria hata pa kwenda. Mbaya zaidi, akishabakiza deni, hata manunuzi mapya kwa kawaida yanaanza kuhesabiwa riba siku ile ile.

Bado ada. Kadi ya American Express Platinum, ile ya kupigia picha, ilikuwa dola 695 kwa mwaka, na 2025 ikapandishwa mpaka 895. Asiyesafiri mara kwa mara anakuwa amenunua picha.

Na kuna mtego unaowanasa sana ndugu zetu wa majuu. Mtu anataka kumtumia mama hela nyumbani, anaona bora atume kwa kadi ya mkopo ajipatie na pointi. Benki nyingi zinahesabu hiyo kama kutoa cash. Hapo hakuna pointi, kuna ada ya papo hapo, na riba inaanza siku hiyo hiyo. Mama kapata hela yake, mtoto kabaki na kidonda.

Sasa swali la nani analipa bili. Mwaka 2023 wachumi, wakiwemo wa Benki Kuu ya Marekani, walitoa utafiti unaokadiria kwamba zawadi za kadi zinahamisha dola kama bilioni 15 kila mwaka, kutoka kwa wenye elimu ndogo kwenda kwa wenye elimu kubwa, na kutoka maeneo ya maskini kwenda ya matajiri. Kwa Kiswahili cha mtaani: anayebaki na deni ndiye anayemkatia tiketi anayelipa lote. Dada anayefanya shifti mbili Minneapolis na kulipa kile kiwango cha chini kila mwezi, huyo ndiye mdhamini wa siti ya kitanda.

Kwa hiyo mastaa wanapoambiwa "tufundishe", waanze na somo la kwanza: lipa deni lote kila mwezi, usinunue kitu ambacho usingenunua bila kadi. Kijana aliyetua Marekani juzi na kupata kadi yake ya kwanza anahitaji kusikia hilo kabla ya kusikia habari za siti. Na aliyebaki Bongo na Songesha yake, au Nairobi na Fuliza, anaelewa vizuri tu. Ameshaona hela ikiingia kwenye simu na kukatwa kabla hajaishika.

Dawa ya deni ni kulipa. Pointi ni marupurupu ya aliyekwisha kulipa.

Haya wadau wa majuu, mnalipa bili yote au mnalipa kile kiwango cha chini? Semeni ukweli hapo chini, hakuna atakayewacheka.