Cheti ni cha Nani?

Kampuni za mafunzo siku hizi zina neno jipya, na neno lenyewe ni mpangaji. Mfumo wa kusomesha watu mtandaoni, ule ambao wenye kompyuta huuita LMS, unauzwa kama ploti ya kupangisha. Kampuni ya mafunzo ndiyo mwenye ploti. Kila kiwanda kinachonunua mafunzo ni mpangaji: kinapewa chumba chake, mlango wake, nembo yake na ripoti zake. Tangi la maji ni moja na stima ni moja, lakini jirani haoni jirani anapika nini. Sisi wa Kitengela hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mji wetu umejengwa hivyo hivyo.

Mimi hufundisha usalama kazini: huduma ya kwanza, kuzima moto, kuinua mizigo bila kuvunja mgongo. Wateja wangu wako kati ya hapa na Athi River, kwenye saruji, kwenye nguo za EPZ, kwenye maghala ya kando ya barabara ya Namanga. Huu mfumo naujua, na sina ugomvi na kuta zake. Kiwanda kimoja hakina haki ya kuchungulia ni watu wangapi wa kiwanda kingine wameanguka mtihani. Ugomvi wangu ni kwamba katika ploti hii yote, mtu aliyejifunza hana chumba. Yeye ni kama kiti ndani ya nyumba ya mpangaji, na mpangaji akihama hakuna anayekiuliza kiti kinataka kwenda wapi.

Tazama inavyofanyika. Mfumo ukifunguliwa hutaka kila mwanafunzi awe na barua pepe ya kampuni. Watu wa HR wanayo, watu wa mauzo wanayo. Mama anayeshona mifuko ya suruali hana. Kijana anayepakia saruji kwenye lori hana. Basi ofisi hutoa orodha ya namba za kazi, na hizo namba ndizo zinakuwa majina ya watu ndani ya mfumo. Mkataba wa miezi mitatu ukiisha, namba inafungwa. Ikifungwa, alichosoma yule mtu kinafungiwa humo: kozi, alama, tarehe, cheti.

Mwezi unaofuata anapata kibarua kiwanda cha pili, mwendo wa kutembea tu kutoka cha kwanza. Mwalimu ni yule yule. Slaidi ni zile zile, nembo ndiyo imebadilishwa. Hata mfumo ni ule ule, chumba cha pili kwenye ploti ile ile. Lakini yeye ni mgeni. Anaanzishwa upya: huu ni mtungi wa kuzimia moto, usimwage maji kwenye moto wa umeme, aliyezimia lakini anapumua mlaze ubavu. Mama mmoja aliniuliza darasani, mbele ya wenzake: "Mwalimu, hii kozi nimeifanya na wewe mara tatu. Mbona kila mara naandikwa sijawahi kusoma?"

Ukiuliza wenye biashara hii utaambiwa sistimu ndivyo ilivyo. Hilo si jibu. Sistimu haikuota yenyewe kama mchongoma. Kuna mtu aliketi akaiseti hivyo, na kuna mwingine anafaidika ikibaki hivyo. Sisi wakufunzi hulipwa kwa kichwa. Kichwa kimoja kikihesabiwa mara tatu, ankara ni tatu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kozi yenyewe ina pasipoti. Kuna kanuni zinazoitwa SCORM, zilizoandaliwa chini ya Idara ya Ulinzi ya Marekani; toleo lake la 1.2 lilitoka mwaka 2001 na bado linatumika kote. Kazi yake ni kuhakikisha kozi iliyotengenezwa kwenye mfumo mmoja inaweza kubebwa ikafunguka kwenye mwingine. Kwa hivyo faili la slaidi linavuka mpaka bila shida, na binadamu aliyelisoma anazuiwa getini.

Sasa tuje kwa hoja zao.

Ya kwanza: aliyelipa ndiye mwenye mali. Kiwanda kimelipa, rekodi ni ya kiwanda. Haya, kimelipa nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake maelezo na mafunzo ya kuwakinga. Hiyo si zawadi, ni deni. Tena waajiri hulipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Ni 600 kwa mwaka kwa kila kichwa, na mwajiri akifuata utaratibu anaweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo kutoka mfuko huo. Ushuru unahesabiwa kwa sababu yule mfanyakazi yupo. Iweje awe mtu wakati wa kuhesabu, halafu awe namba tupu wakati wa cheti? Kofia ngumu na airudishe getini siku ya mwisho, ni ya kampuni. Alichojifunza harudishi.

Hoja ya pili ni usiri. Wanasema data ya mteja lazima ilindwe, tusije tukashtakiwa. Nakubali, ilindwe. Lakini wanaitaja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kana kwamba iliandikiwa viwanda. Ilimwandikia mtu ambaye data inamhusu. Kifungu cha 26 kinampa haki ya kuiona data yake. Kifungu cha 38 kinampa haki ya kuipokea katika muundo ambao mashine inaweza kuusoma, na kuipeleka kwingine. Kumbe sheria wanayoifanya kufuli ndiyo imeshika ufunguo.

Ya tatu ina uzito: kila kiwanda kina hatari zake. Vumbi la saruji si sindano ya cherehani. Ni kweli, na ndiyo maana siku ya kwanza kazini lazima mtu atembezwe, aonyeshwe mashine na mlango wa dharura wa pale. Hilo lirudiwe kila anapohamia. Ujuzi wa huduma ya kwanza nao huchakaa, kwa hivyo cheti kiwe na tarehe ya kuisha. Lakini damu inayotoka inazuiwa kwa njia ile ile Athi River na Kajiado mjini. Mtu aliyejifunza mwezi wa tatu hajawa mjinga mwezi wa tano kwa sababu amebadilisha geti.

Wala wasitwambie teknolojia haipo. Moodle, mfumo ulioanzishwa na Martin Dougiamas kule Perth, Australia, ulitoka mwaka 2002 na programu yake haiuzwi. Ndani yake mtu mmoja anaweza kuwa na akaunti moja na kuwekwa kwenye vikundi vingi. Mfungulie kwa namba yake ya simu, si namba ya kazi. Kiwanda kipewe kikundi, kione watu wake kwa muda walio wake. Mkataba ukiisha, mtoe kwenye kikundi, akaunti ibaki. Cheti kiwe na jina lake na namba ambayo mwajiri mwingine anaweza kuihakiki. Hayo yote yaandikwe kwenye mkataba wa mafunzo kabla ya kusainiwa, maana baada ya hapo hakuna wa kukusikiliza.

Kitengela tunazijua fensi. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba wa huku dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasizungushe ua, ili nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Nairobi wapate njia ya kwenda malisho ya kusini. Hakuna aliyenyang'anywa shamba lake. Mwenye shamba alibaki na shamba, na mnyama akapita. Mtu anayetoka EPZ kwenda saruji na kutoka saruji kwenda ghala anahama kama wale wanyama, kwa sababu ile ile ya kutafuta chakula. Njia yake ndiyo tumeizungushia ua, na kumfungulia haigharimu hata dola.

Kwa hivyo nawauliza wenzangu wa kazi hii, na mnisamehe kama nawaharibia soko. Mteja akikuletea mkataba, kabla hujauliza atalipa lini, muulize siku namba ya kazi ya huyu mama ikifungwa, anatoka getini na nini mkononi. Akikujibu hana chochote, usisaini.